Wanawake Hawakupewa Kura, Waliitwaa

Kuna sentensi moja ambayo nimeikuta mara nyingi mno katika insha za wanafunzi, katika vitabu vya marudio na hata katika hotuba za waheshimiwa. Husema kwamba wanawake wa Uingereza walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1918, na kwamba wenzao wa Kenya walipewa haki hiyo hiyo mwaka 1963, Uhuru ulipokuwa ukibisha hodi. Miaka hiyo sina ugomvi nayo mkubwa, ingawa nitaieleza zaidi hapa chini. Ugomvi wangu ni na kitenzi. Walipewa!

Mtu apewaye kitu ni mtu aliyeketi akasubiri, mwenye mali akamhurumia, akanyoosha mkono, akampa. Kinachobaki kwake ni kusema ahsante. Je, ndivyo ilivyokuwa? Nadai katika makala haya kwamba sivyo, si London wala si hapa kwetu katika Bonde la Ufa. Nadai pia kwamba mwalimu anayeendelea kukitumia kitenzi hicho mbele ya darasa huwafundisha wasichana wake kungoja, na wavulana wake kujiona wafadhili.

Naomba msomaji anistahimilie kidogo niseme habari ya sarufi, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Kiswahili kina kiambishi kidogo sana, -w-, ambacho hukitia kitenzi katika kauli ya kutendwa. Udogo wake usikuhadae. Ukisema kwamba askari walimpiga mama, kila asikiaye anamjua mpigaji. Ukisema kwamba mama alipigwa, askari ametoweka katika sentensi, na huenda akatoweka katika historia pia. Kauli hiyo ina manufaa yake, wala siishutumu yote. Lakini tazama tunavyoigawanya. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Na hii ni lugha ambayo kwa upande mwingine haibagui hata kidogo: mtu ni mtu, yeye ni yeye, na kiambishi a- katika neno anasoma hakikwambii kama asomaye ni Kiprono au Chebet, Kamau au Wanjiru. Lugha iliyomsawazisha mwanamke katika viwakilishi imemkalisha kitako katika vitenzi.

Waingereza walikuwa na tatizo la namna nyingine. Sheria yao ya uchaguzi ya mwaka 1867 ilitumia neno ambalo kwa Kiingereza lina maana mbili, binadamu na mwanamume. Wanawake elfu kadha wa mji wa Manchester wakadai kuandikishwa, wakisema kwamba kwa mujibu wa sheria nyingine ya mwaka 1850, maneno ya kiume katika sheria za Bunge yalihesabiwa kuwajumuisha wanawake pia. Mwaka 1868, katika kesi ijulikanayo kama Chorlton dhidi ya Lings, majaji walikata shauri kwamba katika habari ya kura mwanamke hamo ndani ya neno hilo. Ajabu ni kwamba mkusanya kodi alipopita, mwanamke alikuwamo. Msimamizi wa uchaguzi alipopita, hakuwamo.

Kwa muda wa karibu miaka 40, tangu ombi kubwa la mwaka 1866, wanawake wa nchi ile waliandika maombi, wakakusanya sahihi, wakafanya mikutano ya heshima na kuwatembelea wabunge majumbani. Wabunge waliwasikiliza kwa adabu, wakawapa chai, wakawaaga. Ndipo tarehe 10 Oktoba 1903, nyumbani kwa mjane mmoja wa Manchester aitwaye Emmeline Pankhurst, ukaanzishwa umoja mpya wa wanawake ambao kauli yake ilikuwa ni vitendo, si maneno. Mwaka 1905 binti yake Christabel, pamoja na Annie Kenney aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda cha pamba, walisimama katika mkutano wa chama cha Liberal na kuuliza kama serikali ya chama hicho ingeleta kura ya wanawake. Hawakujibiwa. Walitolewa nje kwa nguvu, wakashtakiwa, wakatozwa faini, nao wakachagua kwenda jela kuliko kulipa.

Mwaka uliofuata gazeti la Daily Mail liliwabandika jina. Lilichukua neno la Kiingereza la mdai kura, likakitia mwishoni kiambishi cha udogo, wakawa masufrajeti. Kwa Kiswahili ni kama mtu aliyekataa kuwaita wanawake akawaita vijanajike, ili wasomaji wacheke. Wao walifanyaje? Walilivaa jina lile kama vazi la sikukuu, na mwaka 1912 wakaliita gazeti lao wenyewe kwa jina hilo hilo. Wanafunzi wa isimu waliangalie jambo hili kwa makini. Tusi halina maana yake lenyewe peke yake; maana yake hutegemea ni nani analishika mpini.

Yaliyofuata yanajulikana, ila huwa tunayapitia mbio mbio. Julai 1909, Marion Wallace Dunlop alikataa chakula katika jela ya Holloway kwa saa 91, akaachiliwa. Wenzake wakaifuata njia hiyo, na ilipofika Septemba mwaka huo serikali ikaanza kuwalisha kwa nguvu: mwanamke alishikwa na wahudumu kadha, mpira ukapitishwa puani au kooni, uji ukamiminwa. Tarehe 18 Novemba 1910, siku ambayo wao wenyewe waliiita Ijumaa Nyeusi, wanawake wapatao 300 waliandamana kwenda Bungeni. Polisi waliwapiga, waliwatupa chini na kuwashika maungo ya mwili kwa muda wa saa nyingi. Mwaka 1912 vioo vya maduka makubwa ya London vilivunjwa kwa mawe na nyundo. Mwaka 1913 Bunge lilipitisha sheria ambayo watu waliipa jina la Paka na Panya: mfungwa aliyedhoofika kwa njaa aliachiliwa apate nafuu nyumbani, kisha akakamatwa tena. Mwezi Juni mwaka huo huo, Emily Wilding Davison aliingia katika uwanja wa mashindano ya farasi pale Epsom, akagongwa na farasi wa mfalme, akafa siku 4 baadaye.

Mwaka 1918, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, Bunge lilikubali kura ya wanawake waliotimiza miaka 30 na ambao wao au waume zao walikuwa na mali ya kiwango fulani. Wanaume walihitaji miaka 21 tu. Usawa kamili ulifika tarehe 2 Julai 1928, na Emmeline Pankhurst alikuwa amefariki siku 18 kabla yake. Nauliza tena: hapo ni nani aliyempa nani?

Najua jibu ambalo mwalimu wa historia atanipa, na ni jibu la haki. Atasema kwamba mawe na moto havikuleta kura peke yao. Ulikuwako umoja mwingine mkubwa zaidi, ukiongozwa na Millicent Fawcett, uliofuata sheria tangu mwanzo hadi mwisho. Na ilikuwako vita iliyobadilisha hesabu za wanasiasa. Wanahistoria wanabishana hata leo kama fujo zile ziliharakisha kura au ziliichelewesha. Mimi siwezi kuukata mjadala huo. Hata hivyo, ukichagua upande wowote ule, waandika maombi wa Fawcett na wavunja vioo wa Pankhurst wote ni watenda. Hakuna upande wa mjadala ambao ndani yake wanawake walikaa wakapewa.

Kuhusu moto nina la kusema zaidi, kwa kuwa nimezaliwa Kuresoi, na mtu wa Kuresoi hasomi habari za moto kwa wepesi. Masufrajeti walichoma nyumba zilizokuwa tupu, masanduku ya barua na vibanda vya viwanja vya michezo. Viongozi wao walisema uhai wa binadamu usiguswe, lakini baadhi ya mabomu waliyotega yangeweza kabisa kuua mtu. Siwatetei katika hilo. Namwomba tu mwanafunzi atofautishe mambo mawili. Moto wa wale wanawake ulielekezwa kwa dola iliyowafungia mlango wa kura. Moto tulioujua sisi ulielekezwa kwa jirani, na kazi yake mojawapo ilikuwa kumfungia jirani huyo mlango wa kura. Nitarudi kwenye jambo hili.

Kabla ya kuondoka London, tumtaje binti mwingine wa Emmeline, Sylvia. Yeye pia alifungwa na kulishwa kwa nguvu. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 aliitetea Ethiopia kwa kalamu yake. Mwaka 1956 akahamia Addis Ababa, akafia huko mwaka 1960, na huko ndiko alikozikwa. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba habari hizi ni za Wazungu wa mbali zisizotuhusu. Kaburi la mmoja wao limo katika udongo wa Afrika Mashariki.

Tena zilitufikia mapema kuliko hapo, kwa sura chungu. Mwaka 1917 wanawake wa walowezi walianzisha jijini Nairobi chama chao, East Africa Women's League, na moja ya shabaha zake ilikuwa kura. Haikuwachukua muda. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1919 iliwakubali wanawake Wazungu sawa na wanaume Wazungu, na katika uchaguzi wa mwaka 1920 wakapiga kura. Mke wa mlowezi wa Nakuru au Molo aliitumia haki hiyo miaka 8 kabla ya msichana wa miaka 21 kule London. Mwanamke Mwafrika aliyemkamulia ng'ombe na kumvunia pareto mlowezi huyo hakuwamo. Safari hii halikuwa neno mwanamume lililomtoa nje, bali neno mwanamke lenyewe, kwa kuwa katika sheria ile mwanamke alikuwa ni Mzungu.

Yeye je, aliketi akangoja? Tarehe 14 Machi 1922 serikali ilimkamata Harry Thuku, aliyepinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, ikiwemo kazi ya wanawake na wasichana katika mashamba. Umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi cha Nairobi. Tarehe 16 viongozi wanaume walitoka kuzungumza na serikali, wakarudi na kuwaambia watu watawanyike. Ndipo Mary Muthoni Nyanjiru alipojitokeza, akalipandisha vazi lake juu ya mabega, akawataka wanaume wavae nguo yake wampe yeye suruali zao, kwani walikuwa waoga. Mwanamke mzima kumvulia mwanamume nguo kwa makusudi ni laana nzito kwa Wakikuyu, na si kwao peke yao. Umati ulisonga mbele, risasi zikafyatuliwa, Nyanjiru akaanguka miongoni mwa wa kwanza. Serikali ilitaja maiti 21. Mashahidi wengine walitaja idadi kubwa zaidi.

Sasa tuje kwetu. Msomaji aliyefika Kuresoi anaijua Olenguruone, kule juu kwenye baridi ya Mau, nchi ya chai, viazi na maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni iliwahamishia huko familia za Wakikuyu zilizokuwa zimeondolewa katika nchi ya Wamaasai. Serikali iliwahesabu kuwa wapangaji waliopaswa kufuata kanuni zake za kilimo na mifugo. Wao wakajibu kwamba ardhi ile ilikuwa fidia ya mashamba ya wazee wao yaliyotwaliwa Kiambu, kwa hiyo ni yao, na hawatapangiwa. Wakala kiapo cha umoja. Kiapo cha namna hiyo kilikuwa kimezoeleka miongoni mwa viongozi wa chama, wanaume watu wazima. Olenguruone kilibadilika: walikula wanaume, wanawake na watoto, familia nzima nzima. Kufikia mwaka 1950 serikali ilikuwa imewafukuza, imeharibu nyumba na mazao yao, na wengi wao imewapeleka Yatta, nchi kame ya Ukambani. (Waogiek wa msitu wa Mau nao wana historia yao ya kufukuzwa, ambayo inastahili makala yake yenyewe.)

Vitabu hutuambia kwamba kiapo cha Olenguruone kilikuwa mbegu ya kile kilichokuja kuitwa Mau Mau. Ni kweli, lakini kuna jambo jingine ndani yake ambalo halisemwi. Kumlisha mwanamke kiapo ni kukiri kwamba neno lake lina uzito, kwamba anaweza kukubali na anaweza kukataa, na kwamba kukataa kwake kutaivunja jamii. Hiyo si kura ya karatasi, bali ndiyo maana ya kura. Wanawake wale walikuwa wamehesabiwa na wenzao miaka mingi kabla serikali haijawahesabu.

Serikali ilipoanza kuhesabu, ilihesabu kwa mizani ile ile ya mwaka 1918. Katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika, mtu alitakiwa awe na elimu, au mapato, au mali, au utumishi wa kiwango kilichowekwa, na mwenye sifa nyingi aliweza kupata hadi kura 3. Kwa kuwa shule, mshahara na hati za mali vilikuwa mikononi mwa wanaume, wanawake waliopita katika tundu hilo la sindano walikuwa wachache mno. Pwani nako, wanawake Waarabu wa Mombasa walioachwa nje ya daftari ilhali waume zao wamo hawakunyamaza. Katika miaka hiyo ya 1950 walitia sahihi ombi kwa serikali wakidai kura. Mwaka 1963 sharti la mali lilikuwa limekwisha, na kila mtu mzima akawa na kura yake 1. Nadhani msomaji ameanza kuona ni wangapi wanaofichwa na lile neno walipewa.

Kura kuandikwa katika sheria ni jambo moja, na kura kuwa na maana ni jambo jingine. Tuliokuwa watoto katika miaka ya chama kimoja tunakumbuka uchaguzi wa mlolongo, na tunakumbuka minong'ono. Februari 28, 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa chini katika bustani ya Uhuru Park na kuanza kugoma kula hadi wana wao waachiliwe. Miongoni mwao alikuwa Monica Wangu wa Wamwere, mama mzee wa Nakuru, mamake Koigi. Pamoja nao alikuwako Profesa Wangari Maathai, ambaye miaka mitatu kabla ya hapo kundi lake liliitwa Bungeni kuwa ni kundi la wanawake walioachwa. Angalia tusi hilo, msomaji: walioachwa. Kiambishi -w- kimo kazini.

Tarehe 3 Machi polisi walikuja na marungu na gesi ya kutoa machozi. Maathai alipigwa hadi akazimia. Akina mama wazee wakafanya lile ambalo Nyanjiru alilifanya miaka 70 kabla yao: wakavua nguo mbele ya askari waliokuwa na umri wa wana wao. Bustani ikafungwa, wao wakahamia katika kanisa kuu la All Saints, wakaendeleza shinikizo lao kwa karibu mwaka mzima, hadi wengi wa wana wao walipoachiliwa. Njaa ya Holloway na njaa ya Uhuru Park ni silaha moja. Tofauti ni kwamba serikali ya London iliogopa aibu ya mfungwa kufa, ikamlisha kwa nguvu. Ya hapa ilituma marungu. Kote kuwili wanawake walikuwa wamegundua kwamba mtu asiye na kitu bado anao mwili wake, na kwamba dola yenye bunduki haijui la kufanya na mtu anayeutoa mwili huo bila kupiga mtu.

Lakini mwaka ule ule wa 1992, uchaguzi wa vyama vingi ukikaribia, Molo na Olenguruone ziliwaka. Zikawaka tena kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007, na baada yake hali ikawa mbaya zaidi. Taarifa zilisema nini? Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia zilihamishwa. Kauli ya kutendwa tupu! Nani alichoma? Nani aliua? Sarufi ilikuwa imewapa wahalifu msamaha kabla mahakama haijakaa.

Na hapo kura ya mwanamke ilikuwa wapi? Sheria yetu humtaka mpiga kura apige kura katika kituo alichojiandikishia. Mama aliyekimbilia kambini Molo na watoto wanne, kitambulisho kimeungua ndani ya nyumba, kituo chake kiko shule ya msingi iliyo kando ya shamba alilofukuzwa, huyo ana kura katika Katiba tu. Hakuna bunge lililomnyang'anya. Hakuna sheria ya mwaka wowote inayomtaja. Ametolewa daftarini kwa kiberiti. Ndiyo maana nilisema kwamba moto wetu na moto wa masufrajeti si ndugu.

Hata palipokuwa na amani, safari haikuwa nyepesi kwa wanawake waliotaka kuchaguliwa. Chelagat Mutai aliingia Bungeni mwaka 1974 kutoka Eldoret North akiwa binti wa miaka ya ishirini, na mwaka 1976 akafungwa kwa shtaka la uchochezi, kwa kuwa aliwatetea watu wake katika suala la ardhi. Katiba ya mwaka 2010 iliamuru kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Mahakama ya Juu ikatoa ushauri wake mwaka 2012, na mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kutekeleza amri hiyo. Bunge halikuvunjwa, na Bunge la mwaka 2022 lilianza kazi bila kutimiza theluthi. Kati ya viti 290 vya maeneo bunge, wanawake walishinda 16 mwaka 2013 na 23 mwaka 2017.

Katika kaunti yetu ya Nakuru mambo yalikwenda kwa namna iliyowashangaza wengi. Mwaka 2022 wapiga kura walimchagua Susan Kihika kuwa gavana na Tabitha Karanja kuwa seneta, na wanawake wakatwaa viti vya Naivasha, Gilgil, Njoro na Bahati. Hakuna mahakama iliyowalazimisha. Lakini katika chaguzi za 2013, 2017 na 2022, Kuresoi Kaskazini na Kuresoi Kusini zilichagua wanaume watupu. Sisemi kwamba waliochaguliwa hawakufaa. Nauliza tu kama katika nchi ya kiapo cha Olenguruone, ambapo mwanamke alihesabiwa kuwa mtu kamili tangu miaka ya 1940, ni lazima tuwe wa mwisho kukumbuka jambo hilo.

Neno kura, wanafunzi, limetokana na Kiarabu, na maana yake ya kale ni kile kijiti au kijiwe cha kuamulia jambo kwa bahati. Hata leo timu hupangwa kwa kura, na hapo mtu hachagui, hungojea kitakachomwangukia. Wapo wanaoishughulikia kura ya kisiasa kwa maana hiyo ya kale: hawajiandikishi, hawaendi, kisha hulalamikia kilichowaangukia. Wanawake niliowataja ndio walioibadilisha maana ya neno hilo, wakaitoa katika bahati wakaitia katika hiari. Mwamba ngoma huvutia kwake, na mwandishi wa vitabu huandika upande wake. Kazi ya msomi ni kuisikiliza ngoma na kujua ni nani anayeiwamba.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu jambo dogo lisilohitaji fedha za wizara. Wiki hii iandikeni ubaoni ile sentensi ya walipewa. Waambieni wanafunzi watafute mtenda na waiandike upya katika kauli ya kutenda, kwa majina na tarehe. Kisha waandikieni ya pili: nyumba zilichomwa Kuresoi. Hiyo itakuwa ngumu zaidi, na huenda darasa likanyamaza, kwa maana katika madawati yenu wamo watoto wa waliochomewa na watoto wa waliochoma. Msiikimbie. Mwenye umri wa miaka 17 leo atakuwa mpiga kura kabla hamjamaliza kusahihisha madaftari yake, na ni heri ajifunzie ugumu huo darasani, penye chaki na mwalimu, kuliko kujifunzia barabarani.

Na kwa wasichana wa kidato cha nne mnaosoma ukurasa huu: mtakapotimiza miaka 18, chukueni kitambulisho, mjiandikishe, mkapige. Akiwauliza mtu ni nani aliyewapa kura, mjibuni kwa kauli ya kutenda.